Aliyeniathiri Kuliko Wote

Jina lake la usanii halikutoka mbali. Lilitoka kwenye duka la dobi, chumba kirefu chenye joto la kumwivisha mtu, ambako alisimama kutwa nyuma ya meza iliyotandikwa blanketi, akinyoosha mashati ya watu wa maofisini. Wenzake walimwita Pasi kwa utani, kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya moto na hayakuacha mkunjo. Yeye akaona jina si baya, akapanda nalo jukwaani.

Kazi ile ilimfaa kuliko watu walivyodhani. Pasi haitaki mtu wa kusitasita. Ukisita umeunguza shati la mwenyewe, na mwenyewe hana dogo. Kwa hiyo mistari yake aliitunga mkono ukienda, bila kalamu, akiirudia kimoyomoyo kutoka kola hadi pindo, na shati likiisha, ubeti nao umeisha. Marinda ndiyo yaliyompa tabu. Siku ya sketi za marinda hakutunga kitu, alitukana tu, tena kwa sauti ya chini kwa sababu bosi wake dobi alikuwa mcha Mungu.

Hakuwa na meneja wala kampuni nyuma yake. Nyimbo alizirekodi katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza simu, kwa jamaa mmoja waliyemwita Fundi, ambaye mchana alifungua simu za watu na jioni alitengeneza midundo. Ukutani walikuwa wamesimamisha magodoro mabovu ili kelele za mtaa zisipenye. Hata hivyo jogoo wa jirani aliingia kwenye wimbo wa pili, na yumo mpaka leo, ukisikiliza vizuri. Wimbo ukikamilika waliutupa mtandaoni wenyewe, wakawatumia jamaa zao, na jamaa wakawatumia wa kwao. Hivyo ndivyo hip-hop yake ilivyotembea, kwa miguu yake yenyewe, mpaka vijana wa mitaa ya mbali wakawa wanaijua mistari ambayo yeye aliitungia kwenye shati la mhasibu.

Kilichowavuta ni sauti. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, nzito kwa msichana, iliyopasuka katikati, ambayo ukiisikia mara moja huwezi kuidhania ya mtu mwingine. Pamoja na sauti kulikuwa na pumzi. Wasanii wengine wakifika mwisho wa mstari unasikia wanavuta hewa. Pasi hakusikika akivuta popote. Fundi alitafuta kwenye mashine yake mahali anapopumua, akashindwa, akamwuliza kama mwenzetu ana mapafu ya punda.

Mapafu hayakuwa ya punda, yalikuwa ya baba yake.

Baba alikuwa mnadi wa nguo za mitumba, na kama umewahi kupita sokoni ukakuta mnadi wa kweli, unajua ninachosema. Mnadi si mpiga kelele. Kelele hata mlevi anaweza. Mzee yule alipanda juu ya meza yake, mashati begani, gauni mkononi, akaanza polepole kama mtu anayezungumza na jirani, halafu maneno yakashikana mikono, yakaanza kwenda mbio, na wewe uliyekuwa unapita na shughuli zako ukajikuta umesimama unacheka. Alikuwa akisema, "Gauni hili limevuka bahari halikulowa, wewe umevuka barabara umelowa! Njoo ubadilishe!" Akimwona mwenye aibu alimwambia aibu haivaliwi. Akimwona mbishi alimwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee, lakini hizi zangu zimeshafuliwa!" Watu walinunua wasichokihitaji, wakaenda nacho nyumbani wakicheka peke yao njiani.

Binti yake alianza kusimama naye mezani akiwa bado anasoma shule ya msingi, siku za likizo na Jumamosi. Baba alimfundisha kazi kama alivyofundishwa yeye, kwa maneno machache. "Usipumue mwisho wa neno," alimwambia. "Mwisho wa neno ndipo mteja anapoondoka. Mchekeshe, halafu pumua yeye akicheka." Mtoto alishika. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wauzaji wenzake, maana katika muda si mrefu kulikuwa na sauti mbili juu ya meza ile, moja ya juu na moja ya chini, zikipokezana bila upenyo katikati.

Lakini lipo jambo ambalo sokoni hawakulijua. Shuleni mtoto huyo alikuwa ndiye sauti ya kwanza ya kwaya. Alikuwa na sauti nyororo, nyembamba, safi, kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alifunga safari hadi nyumbani kumwambia mama aitunze. Haikutunzwa. Iliimba kwaya Ijumaa na kunadi suruali Jumamosi, vumbi likiingia, jua likiwaka, na alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne ikapasuka. Wakadhani ni mafua. Wakangoja. Haikurudi tena kamwe.

Mama alisema neno lake mara moja tu, mezani, chakula kikipoa. "Umemharibu mtoto." Tangu siku hiyo baba alimwacha binti nyumbani na kwenda sokoni peke yake, na kwaya ikiimba redioni, yeye alinyanyuka akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwapo. Yule binti alilia mwaka mzima, kisha akasahau, kama watoto wanavyosahau. Alipokuwa na miaka kumi na tisa akagundua kwamba sauti ile mbovu ina watu wanaoitaka, na kwamba ile pumzi aliyofundishwa mezani haimo katika koo la msanii mwingine yeyote aliyekuwa akimsikia. Alimshukuru baba yake moyoni kila siku. Moyoni, nasema. Kwao shukrani kubwa hazikusemwa. Ulimwekea mtu chakula kizuri, ukampasia shati lake vizuri, akaelewa mwenyewe. Tatizo la shukrani za namna hiyo ni kwamba shati lililopasiwa vizuri halisemi limepasiwa kwa ajili gani.

Mwaka ambao Pasi alianza kujulikana ndio mwaka baba alipoanza kukohoa. Kwanza walisema vumbi la mitumba. Baadaye daktari aliwaita ofisini, akawakalisha, akawaambia kwamba kuna uvimbe na kwamba umeshaliathiri koo. Wakamfanyia upasuaji. Walitoa uvimbe, na pamoja nao wakatoa karibu sauti yote. Yule mzee aliyekuwa akisimamisha wapita njia alirudi nyumbani na mnong'ono, na kuusikia ilibidi umwinamie sikio mdomoni.

Pasi alitaka jambo moja tu: kwamba kabla baba hajaondoka, ajue kuwa muziki ule wote ni wake. Alipoalikwa redioni kwa mara ya kwanza, aliona hiyo ndiyo nafasi. Angesema mbele ya watu kile alichoshindwa kusema sebuleni. Asubuhi hiyo aliwaambia wazazi wakae karibu na redio, akamwekea baba mto mgongoni, akaondoka amevaa shati alilolinyoosha mara mbili.

Studio ile ilikuwa na zulia, na kiti kinachozunguka, na mtangazaji aliyezungumza Kiswahili cha kwenye vitabu, sauti laini, neno moja moja. Pasi, ambaye aliwahi kuzomewa jukwaani asitikisike, alijisikia mdogo. Akajiapiza moyoni kwamba leo atazungumza kama watu wa pale. Mtangazaji akamwuliza, "Kila msanii ana watu waliomwathiri. Wewe ni nani aliyekuathiri zaidi?"

Naye akalichukua lile neno kama lilivyo, kama mtu anavyopokea kikombe kwa mikono miwili. "Aliyeniathiri kuliko wote ni baba yangu mzazi," akasema. "Zamani nilikuwa na sauti ya kwaya, sauti nzuri. Baba akanipeleka sokoni kunadi nguo. Sauti hii mnayoisikia, ni baba aliyeifanya iwe hivi. Bila yeye nisingekuwa hivi nilivyo."

Kisha akaendelea. Akaeleza pumzi, akaeleza utani, akaiga mnada wa gauni lililovuka bahari hadi mtangazaji akapaliwa na chai. Alisema kila alichokichukua kwa baba yake amekichukua bila kubadilisha kitu. Yalikuwa maneno mazuri sana. Hakuna aliyeyasikia nyumbani kwao.

Kwa watu wa redio na vyuo, kuathiriwa ni kuguswa na mtu ukachukua kitu chake. Kwa mzee aliyekuwa kwenye kochi, neno hilo lilikuwa na kazi moja. Mafuriko huathiri. Ukame huathiri. Ugonjwa ulikuwa umeathiri koo lake, na hakuna aliyehitaji kumfafanulia maana yake. Aliposikia mwanawe akiiambia nchi nzima kwamba aliyemwathiri kuliko wote ni baba yake, kwamba sauti yake nzuri iliishia sokoni, na kwamba baba ndiye aliyemfanya awe hivyo alivyo, alimwashiria mkewe kwa mkono. Mama akazima redio. Mama alitaka kusema kitu, akakosa, kwa sababu neno lile si lile lile alilolisema yeye mezani miaka ile?

Pasi hakuyajua hayo. Alirudi jioni na uso unaong'aa, akapiga magoti kando ya kochi, akauliza kama walisikia. Baba akaweka kiganja kooni mwa binti yake, taratibu, kama mtu anayepima homa ya mtoto mchanga.

"Nimekusikia," akanong'ona. "Umesema kweli."

Hakuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kwa baba yake. Kesho yake alimsimulia Fundi neno kwa neno, akawasimulia akina dada wa kwa dobi, na siku hiyo hata marinda hayakumshinda.

Tangu hapo mzee alibadilika, na Pasi akasema ni ugonjwa. Zamani wimbo wake ukipigwa dirishani kwa jirani, baba aligongagonga mkono wa kochi kufuata mdundo. Sasa alifumba macho mpaka uishe. Hospitali walikuwa wamempa vidonge vya kumung'unya vya kulainisha koo. Akaacha kuvitumia, akawa anavificha chini ya mto, na Pasi akija anamtia mkononi kimoja kimoja, akimwashiria ale. Pasi alimwambia, "Baba, hivi ni vyako," mzee akatikisa kichwa. Pasi akavila ili kumridhisha. Vilikuwa na ladha ya dawa ya meno.

Kisha likaja tamasha. Halikuwa kubwa sana, ukumbi tu wenye viti vya plastiki, lakini lilikuwa la kwanza ambalo jina lake liliandikwa juu kabisa kwenye tangazo. Aliweka kiti cha mbele kwa ajili ya baba. Alipanga kwamba katikati ya wimbo atanyamaza, midundo izimwe, na yeye anadi kama mezani, kisha amwonyeshe mzee kwa watu. Akaenda kumwomba. Fundi angeleta gari, mama angemkalisha, ingekuwa nusu saa tu. Mzee alikataa. Pasi akabembeleza, akakataa tena, akageuzia uso ukutani.

Mtu anayebembeleza akakataliwa huanza kutafuta sababu, na sababu ya kwanza kupatikana huwa ndiyo inayouma. Pasi akaamua kwamba baba anauonea haya muziki wake, anaona ni kufokafoka tu kwa vijana wasio na kazi. Akaenda tamashani na donge. Alitumbuiza vizuri, hilo lazima lisemwe. Midundo ilipozimwa akaghani peke yake:

"Nilianza na mdomo, miguu ikaja nyuma yake,
Baba aliuza mashati, mimi nauza sauti yake."

Ukumbi ukasimama, ukarudia naye. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na baadaye mtu akakiwekea mkoba. Kwa siku kadhaa baada ya hapo Pasi akawa anapitia kwa baba anasalimia kutoka mlangoni, "Shikamoo baba," halafu anaendelea na yake. Siku hizo hazikuwa nyingi. Lakini mzee naye hakuwa amebakiwa na nyingi, na alizihesabu zote kuwa ni haki yake.

Mchana mmoja mama alimfuata kwa dobi, akasimama kwenye mlango wenye mvuke bila kuingia, na Pasi akaelewa bila kuambiwa kwamba baba yuko ukingoni. Akaiinua pasi, akaisimamisha, akatoka.

Kufikia wakati huo baba alikuwa ameshawaomba radhi watu wengi, kama afanyavyo mtu anayeona safari imekaribia. Wauzaji wenzake walikuja, akawanong'oneza mmoja mmoja wamsamehe, nao wakamjibu kama inavyojibiwa, yamekwisha, mzee, moyo mweupe. Jirani mwenye jogoo alikuja. Hata muuza chai wa sokoni, ambaye hakuwahi kukosewa na mtu isipokuwa na mvua, aliombwa radhi akasamehe. Kwa hiyo Pasi alipoinama akaweka sikio, na mnong'ono ukasema, "Mwanangu, nisamehe," alifikiri zamu yake imefika. Alifikiri pia, ikiwa palikuwa na jambo lolote, basi ni lile la tamasha, na lile alikwisha kulisahau tangu mlangoni kwa dobi.

Angeweza kusema, baba, hujanikosea kitu. Watu wengine hujibu hivyo. Yeye alitaka jibu kubwa zaidi, lisilobakiza kitu, ili mzee apumzike.

"Nimekusamehe yote, baba," akasema. "Yote kabisa. Moyo wangu mweupe."

Mzee akalia. Hakukuwa na sauti katika kilio kile, mabega tu na machozi, na Pasi akamfuta kwa kanga ya mama akidhani ni maumivu. Kesho yake asubuhi na mapema baba alifariki, mama akiwa amemshika mkono.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, mama na binti walikaa chini chumbani kupanga nguo za marehemu. Nje vijana walikuwa wakipita na wimbo wa Pasi kwenye simu; habari za kifo cha mzee zilikuwa zimesambaa mitandaoni, na nyimbo za binti zikawa zinasikilizwa kuliko wakati wowote. Mama alikuwa mtulivu. Alisema jambo moja linamfariji, kwamba mume wake aliondoka mwepesi. Alikuwa na mzigo, akautua, na aliyemtua ni mwanawe.

Pasi akauliza mzigo gani.

"Ni lile ulilolisema redioni," mama akasema. "Kwamba alikuathiri. Aliniambia, 'Mtoto amelibeba miaka yote hii, na amefanya vizuri kulitoa.' Hakukukasirikia hata kidogo. Alikuwa anaogopa tu kwamba atakufa hujamsamehe. Ulipomwambia umemsamehe yote, usiku ule alilala. Nami nikamsamehe, maana nilimwekea kinyongo tangu mwalimu wa kwaya alipokuja hapa."

Pasi aliliacha shati likaanguka mapajani. Akauliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, kama hawakusikia yaliyofuata. Mama akasema baba alimwashiria azime, naye akazima.

Ndipo akamweleza. Alimweleza vibaya, akirudi nyuma, akirukia mbele, yeye ambaye hakuwahi kukosa neno. Kwamba kwa wale watu neno lile ni la sifa. Kwamba alikuwa anamshukuru. Kwamba sauti hii ndiyo mali yake yote duniani, na pumzi, na utani, na alikuwa anataka nchi nzima ijue amevitoa wapi. Kwamba hakuwa na kitu cha kumsamehe. Hakuwahi kuwa nacho. Alisema hilo la mwisho mara nyingi, mpaka mama akamshika mikono yote miwili ili anyamaze.

Mama hakulia. Alikuwa akilifikiria jambo, akiligeuza, kama anavyogeuza nguo kutafuta ilipochanika. Mwishowe akauliza bila lawama, kwa kutaka kujua tu.

"Sasa mwanangu, kwa nini hukusema tu kwamba alikufundisha? Angeelewa."

Pasi alijua kwa nini. Alikuwa amelijua tangu kwenye kile kiti kinachozunguka.

"Neno hilo lilikuja mdomoni kwanza, mama," akasema. "Nikaona ni la sokoni. Nikaona aibu."